Maji ya Mwenye Kisima

Shosho, mama yake baba, alipotuacha, hakutuachia ugomvi wa mashamba kama familia nyingine za Uthiru. Alikuwa amegawa kila kitu akiwa na akili zake timamu, akionyesha mipaka kwa fimbo, na aliyenung'unika aliambiwa afunge mdomo au arudi alikotoka. Lakini siku zake za mwisho alimwita shangazi yangu mkubwa karibu na kitanda, akamwambia kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo kwamba sufuria iliyo ndani ya sanduku lake la mbao apewe Mwende. Hakusema kwa nini. Wiki ya mazishi tulilifungua sanduku hilo, na chini ya koti la marehemu babu, ikiwa imefungwa ndani ya leso safi, tukaikuta sufuria kuukuu isiyo na mfuniko, nje imejaa masizi, na ndani ina ukoko mweupe uliopanda mpaka katikati.

Shangazi zangu walitazamana. Mmoja aliigeuza juu chini akitafuta kama kuna kitu kimefichwa. Mwingine alisema Mwende si hata wa ukoo, ni dada wa mke wa kaka yao, tena wa kutoka Ukambani, na kama mama alitaka kumtukana angemtukana akiwa hai, kwa maana hakuwa mtu wa kuona haya. Wa tatu alishuku kwamba kuna jambo kati ya Mwende na marehemu ambalo sisi tumefichwa, na mpaka sasa naona ndiye aliyekaribia. Mimi niliichukua nikainusa. Ilinuka moshi na jiwe lililolowa, na papo hapo nikawa mtoto tena, likizo ya Agosti, nimechuchumaa kando ya jiko la makaa nikilinda maji yasiibiwe wala yasirogwe.

Mimi ndiye niliyepewa jina la Shosho, kwa desturi yetu kwamba binti wa kwanza ni mama wa baba yake aliyezaliwa upya. Pamoja na jina nilirithi pua yake, na tabia ya kutomwamini mtu hadi nimemwona akionja chakula alichonipa. Katika boma letu kushuku hakukuwa dhambi. Kulikuwa sehemu ya usafi, kama kunawa mikono. Shosho alimshuku mwenye kumletea nyasi za ng'ombe, alimshuku mchungaji, alishuku mvua ikinyesha mapema, na kila mpangaji mpya kwenye vyumba vyetu alichunguzwa kuanzia viatu kwenda juu.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, naye kwa desturi ile ile akapewa jina la babu, Ndung'u. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo Shosho alipoona mtoto akiletwa nyumbani amefunikwa shali hakuona mjukuu, aliona mumewe amerudi. Alimwita "bwana yangu." Kabla hajaingia chumba cha mtoto alikuwa anasimama mlangoni na kukaza kitambaa chake kichwani, kisha anabisha. Sisi tulicheka, lakini tulicheka tukiwa mbali.

Baba aliendesha lori la masafa marefu na hakuwa nyumbani mara nyingi. Mama alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha ikabidi arudi kazini, akitoka jua halijachomoza na kurudi likiwa limeshazama. Hapo ndipo alipoletwa mdogo wake Mwende kutoka Makueni aje amshike mtoto na kumnywesha maziwa ya mkebe. Alikuwa amemaliza shule juzi tu. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, wa maneno machache, na kwa macho ya Shosho hayo yote matatu yalikuwa ushahidi.

Kwanza, alichoka ovyo. Akitoka mferejini, kwenye bomba la mtaa, na mtungi wa maji alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akihema. "Msichana wa umri huo hahemi hivyo bila kitu," Shosho alisema. Pili, nyama alikula kipande kimoja na kusukuma sahani. Tatu, mkoba wake aliufunga kwa kufuli ndogo. Na juu ya yote alikuwa Mkamba, na pale kwetu kila mtu alikuwa na hadithi ya Wakamba na dawa zao, ingawa hakuna aliyewahi kuiona dawa yenyewe, na nyumba nzima ilikuwa imesahau kwamba mama yangu pia alitoka kule kule. Nadhani mama alisamehewa kwa sababu alizaa Ndung'u.

Siku moja Shosho alinikalisha kwenye kigoda chake, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote, akanishika kidevu.

"Wewe ni mimi," aliniambia. "Macho yako ni yangu. Huyo msichana akikohoa, nataka kujua amekohoa."

Hakuna cheo nilichowahi kupewa baadaye kilichonifurahisha kama hicho. Shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa na la kufanya, na ukungu wa Agosti ulikuwa umeshuka juu ya Uthiru kiasi kwamba mtu angeweza kumfuata mwingine hatua kumi nyuma bila kuonekana. Nikawa kivuli cha Anti Mwende. Na sikukawia kupata nilichotumwa kutafuta. Nyuma ya jikoni, kwenye ua wa miiba ya kayaba, nilimwona akitoa kifuani kitambaa kilichofungwa fundo. Alikifungua, akakwangua kitu kwa kisu, na unga wa kijivu ukaanguka kiganjani mwake. Aliulamba akiwa amefumba macho kama mtu anayesali. Kisha akakung'uta mikono, akafunga fundo, akaingia jikoni na kuchanganya maziwa ya mtoto.

Nilikimbia kumwambia Shosho: ana unga wa kijivu, ameufunga kwenye kitambaa, anaukwangua kwa kisu kwa siri, halafu anatengeneza maziwa. Kila neno lilikuwa la kweli, na yakiwekwa pamoja hakuna uongo mkubwa uliopata kusemwa kwenye boma lile. Shosho hakupiga kelele. Aliitazama nyumba yetu, kisha akanyanyuka.

Hakumwambia mama kitu. Alitangaza tu kwamba kuanzia siku ile chakula cha mtoto kitatoka jikoni kwake, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mwende angembeba na kumwogesha, basi. Na maji ya mfereji, ambayo Mwende alikuwa akiyachemsha kwenye birika, hayangetumika tena, maana yalitoka mbali, yalipita kwenye mikono ya watu wengi, na mtungi ulikaa usiku kucha bila mlinzi. Mtoto angekunywa maji ya kisima.

"Kisima hiki alichimba nani?" aliniuliza, ingawa alijua najua. "Ni yeye alichimba. Mtu atakunywa maji ya wengine na yake iko hapa?"

Tulikua tukisimuliwa habari za kisima kile. Babu alikichimba kwa sururu na ndoo, akiteremka kila siku hadi akawa haonekani, mpaka akapiga mwamba, na chini ya mwamba maji yakatoka ya baridi na matamu. Siku hizo hapakuwa na kitu hapo ila kahawa na nyasi za ng'ombe. Baadaye kahawa iling'olewa, na upande wa juu wa kisima tukajenga vyumba vya kupangisha mstari kwa mstari, na vyoo vya shimo nyuma yake, na zizi la ng'ombe na rundo la samadi tulilolionea fahari kwa jinsi lilivyolisha sukuma wiki. Wote tuliendelea kunywa maji ya kisima, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo.

Wala Shosho hakuwa mjinga. Kliniki walikuwa wamefundisha kuchemsha maji, naye alichemsha. Ila aliona kama watu wa kawaida huchemsha mpaka maji yatokote, basi ya bwana yake lazima yachemke kwa heshima inayomfaa. Aliibandika sufuria jikoni baada ya kukamua, na ilikaa motoni asubuhi nzima, akiongeza makaa, mpaka maji yakashuka nusu na kuacha mstari mweupe ukutani mwa sufuria. Hapo ndipo aliposema yamekomaa. Kazi yangu ilikuwa kukaa hapo. Anti Mwende akipita karibu, nilitandaza mikono juu ya mvuke, nikaungua kidogo, nikajiona shujaa.

Sijui ni lini hasa ilianza, kwa sababu ilianza kidogo kidogo. Midomo ya Ndung'u ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Mpangaji wetu mmoja, mama mwenye watoto wengi, alisema ni baridi, afungwe vizuri, naye akafungwa blanketi mbili na kofia. Kisha kucha zake zikawa hivyo hivyo. Kisha uso wote ukaingia rangi ya kijivu. Lakini hakukohoa, kifua hakikubana, hakulia kupita kawaida. Alinyonya chupa na kulala, akaamka akanyonya na kulala. Mama alimwona asubuhi na jioni tu, chini ya balbu ya manjano iliyowafanya watu wote waonekane wa rangi moja, na alipouliza mbona mtoto amekuwa mchovu aliambiwa ni baridi. Shosho alitamka hilo kwa mdomo, ila macho yake yalikuwa kwa Mwende. Mimi aliniambia ukweli wake: kuna mtu amemtazama mtoto kwa jicho baya, na anamtazama kila siku.

Nilimchukia Anti Mwende siku hizo kwa moyo mmoja. Niliangalia mikono yake akimbeba ndugu yangu na nikaona kama inamkausha.

Kisha kukawa na asubuhi moja ukungu ulipopasuka na jua likatoka vizuri. Mwende alimbeba mtoto nje, akaketi mlangoni, akamvua kofia na blanketi. Aliinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole akatazama ufizi. Alitazama nyayo. Aliweka mkono wake mwenyewe kando ya mguu wa mtoto kwenye jua, akalinganisha rangi. Kisha akasimama, akamfunga mgongoni, akaelekea langoni. Shosho alikuwa ameshafika.

"Unaenda wapi na yeye?"

"Kliniki, Mama. Huyu mtoto si baridi."

"Mtoto haondoki hapa na wewe."

Niliogopa, kwa sababu Shosho alikuwa ameshika panga la kukatia nyasi, ingawa nadhani alikuwa amelisahau mkononi. Mwende alihema kama kawaida yake. Lakini hakurudi nyuma.

"Najua vile mnasema juu yangu," alisema. "Nimesikia tangu nije. Sawa. Twende wote basi. Mnishike mkono mkitaka, lakini twende sasa."

Ndivyo tulivyoingia kwenye gari la mpangaji aliyekuwa dereva wa teksi: Shosho mbele, panga likiwa limeachwa langoni, mimi na Mwende nyuma, na mimi kweli nimemshika mkono, kwa amri. Kliniki ya karibu, kijana aliyekuwa zamu alimtia mtoto mpira wa oksijeni puani na kumbana kidole cha mguu kwa kibanio chenye taa nyekundu. Namba zilitokea kwenye kimashine, zikakaa pale pale. Aliongeza oksijeni. Namba hazikusogea na mtoto hakubadilika rangi. Kijana alisikiliza kifua upande huu na upande ule, akasema ni safi, hewa inaingia, na nikaona jasho kwenye paji lake. Alituambia tukimbie Parklands, kwenye hospitali kubwa, tusipitie nyumbani kuchukua chochote. Shosho alimuuliza dereva njiani, tukipita Loresho, kama yule kijana anatoka wapi kwao.

Daktari wa dharura tuliyemkuta Parklands alikuwa Mhindi wa umri wa mama yangu, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi na Kiswahili cha Nairobi kabisa. Yeye pia aliweka oksijeni, yeye pia akatazama namba ikikataa kupanda. Lakini hakutoka jasho. Alichukua damu ya Ndung'u kwa sindano ndogo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hata mimi niliona. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa hudhurungi, kama kokoa iliyokorogwa bila maziwa.

Alidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Kisha akageuka kwa Mwende.

"Naomba kidole yako kidogo."

Mwende alirudisha mikono nyuma. Leo namwelewa. Aliletwa pale akiwa ameshikwa mkono, ametuhumiwa bila kutajwa, na sasa damu yake inatakiwa iwekwe kando ya damu ya mtoto. Alidhani anaapishwa. Mimi nilijua anaapishwa, na nilimshangaa daktari kwa kujua haraka hivyo mchawi ni nani kati yetu. Shosho alisogea mbele aone vizuri. Mwishowe Mwende alikitoa kidole, akatazama ukutani wakati kinadungwa.

Matone mawili yakakaa kando kwa kando. Daktari aliyapulizia ule mpira wa oksijeni. La Mwende lilichanua likawa jekundu waziwazi. La Ndung'u lilibaki hudhurungi vile vile.

"Mmeona," Shosho alisema polepole. "Yake imenona. Ya mtoto imekufa. Sasa imejulikana ni nani anakunywa nani."

Nina hakika daktari alimsikia. Alimwambia muuguzi alete dawa fulani upesi, na wakati inatafutwa akaitazama tena ile karatasi, akakunja uso.

"Na hii yako haijanona," alimwambia Mwende. "Ni nyekundu, lakini ni nyepesi kama maji. Hebu nione macho." Akashusha kope la chini kwa kidole gumba, na ndani mlikuwa mweupe. "Ukipanda mlima unahema? Nyama haikupendezi? Na kuna kitu unakula ya siri. Mawe?"

Mwende aliinamisha kichwa. Alitia mkono kifuani akatoa kile kitambaa, akafungua fundo mbele yetu sote, na ndani mlikuwa na vipande vya odowa, yale mawe laini ya kijivu wanayouza sokoni, ambayo wanawake wajawazito hutafuna. Shosho alinyakua kipande, akakinusa, akakiuma. Alitafuna. Uso wake ulibadilika taratibu, kwa sababu aliijua ladha ile, alikuwa ameila mimba baada ya mimba.

"Una mimba?"

"Hapana, Mama. Huwa tu naitamani. Nilikuwa naona haya."

"Hana mimba, hana damu," daktari alisema. "Mwili ukikosa damu unatamani udongo. Atapata dawa, atakula maini na mboga, ataacha kuhema. Huyo si shida ya leo. Shida ya leo ni bwana mdogo."

Muuguzi alirudi na dawa. Ilikuwa buluu, buluu ya wino, na daktari akaisukuma ndani ya mshipa wa mtoto polepole sana. Nilimshika Shosho sketi. Yeye alikuwa ameshika mguu wa Ndung'u na anamsemesha kwa Kikuyu, si kama anavyosemeshwa mtoto, bali kama mke anayemwomba mumewe asitoke nje mvua inanyesha. Alimwambia ameshamzika mara moja na kwamba hataweza tena. Hapo nilianza kulia, na Anti Mwende akanivuta kwake, nami nikasahau kuogopa.

Rangi ilianzia masikioni. Kisha mashavu, kisha midomo, na mama alipofika kutoka mjini, viatu mkononi, alimkuta mwanawe ana rangi ya mtu na analia kwa hasira. Shosho alipombadilisha nepi akakuta mkojo wa kijani unaoelekea buluu, akamwita kila mtu aje aone sumu ilivyotoka. Muuguzi alicheka akasema ni dawa yao hiyo, Shosho, inatoka vile ilivyoingia.

Daktari alitutoa nje kwenye korido, mimi na Mwende, kwa sababu mama hakutaka kuachia mtoto na Shosho hakutaka kuachia mguu. Aliuliza maziwa yanachanganywa na maji gani. Mwende alisema ya kisima, lakini yanachemshwa. Mimi nikiwa bado naona fahari na kazi yangu nikaongeza kwamba yanachemshwa asubuhi nzima, mpaka yabaki nusu, mpaka yakomae.

Daktari alifumba macho kidogo. Akatueleza kwamba damu ya mtoto ilikuwepo, na hewa ilikuwepo, lakini damu ilikuwa imefungwa, haiwezi kuibeba. Kilichoifunga kilitoka kwenye choo na samadi, kikazama ardhini hadi kisimani. Hakionekani, hakinuki, na mtu mzima anaweza kukinywa asijue, ila mtoto mchanga damu yake bado ni dhaifu kwa jambo hilo.

"Kuchemsha inaua wadudu," alisema. "Hii si mdudu. Ni kama chumvi kwa supu. Supu ikipungua, chumvi inafanya nini?"

Nilijua chumvi inafanya nini. Nilimtazama Anti Mwende, naye alikuwa ameshanitazama. Daktari aliuliza ni nani anayechemsha, na Mwende akajibu, "Sisi, hapo nyumbani," akamshukuru.

Tuliporudi, Shosho alikuwa ameuachia ule mguu, anatungoja kwenye benchi, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa mdogo namna ile. Hakumtazama Mwende usoni, aliuliza akitazama sakafu.

"Amesema ni nani?"

Nilingoja. Nilikuwa mtoto mwenye kushuku, na nilijua vizuri ningefanya nini kama ningekuwa Mwende, baada ya panga, baada ya kushikwa mkono, baada ya damu yangu kusomwa kama ya mchawi. Neno moja tu lingetosha.

"Si mtu, Mama," Mwende alisema. "Ni kisima. Kimeingiliwa na vyoo."

Shosho aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na kuchemsha?"

Mimi nilifungua mdomo. Mguu wa Anti Mwende ukaukanyaga wangu.

"Kuchemsha kulisaidia," alisema. "Bila hiyo tungemkosa."

Kisima kilifunikwa na bamba la saruji wiki hiyo hiyo, na Shosho ndiye aliyesimamia. Hakuomba msamaha, hakuwa na mdomo wa kazi hiyo. Lakini kila jioni Anti Mwende aliitwa jikoni kwake na kuwekewa sahani ya maini na mboga ya managu, na Shosho alisimama juu yake mpaka sahani ikawa nyeupe. Mwende aliacha kuhema, akaongezeka mwili, kufuli likatoka kwenye mkoba. Kazi yangu ya upelelezi ilikwisha bila kuagwa. Na ile sufuria ikatoweka jikoni. Mama alipouliza iko wapi, maana ilikuwa kubwa na nzuri kwa kupikia githeri, Shosho alisema imetoboka na ameitupa.

Anti Mwende alikuja mazishini na watoto wake wawili, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa sasa. Shangazi mkubwa alimkabidhi sufuria mbele ya watu, kwa mkono mmoja, na kumwambia yeye hajui maana yake na hataki kulaumiwa. Wengine wakasogea kuona atakasirika vipi. Mwende aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye ule ukoko mweupe, mstari juu ya mstari, akanitazama.

"Alisema ilitoboka," nilimwambia.

Alienda mferejini, akaijaza maji hadi ukingoni, akainyanyua juu ya saruji kavu. Tukasimama mimi na yeye tukiitazama chini. Hata tone moja halikuanguka.

Mwanamke aliyepika supu maisha yake yote hahitaji daktari wa kumweleza kinachobaki sufuriani maji yakipungua. Shosho alikuwa amejua, labda tangu pale kwenye benchi, na aliuficha ushahidi wake kwenye sanduku, chini ya koti la mumewe, miaka yote hiyo.

"Alijua," Anti Mwende alisema, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Alijua, na akaniacha nimdanganye."

Alimwaga yale maji, akaisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka ukoko wote ukatoka, akaibandika motoni akapikia waombolezaji chai. Shangazi zangu waliipokea kwa mashaka, wakaionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Ndung'u, ambaye siku hizi huinamisha kichwa akipita mlangoni, alikunywa yake akiwa amesimama, akarudi kuomba kikombe kingine.